Lenzi ya Kumtazama Mama Mkwe

Mama mkwe wangu nilimjua kwanza kwa mgongo wake. Siku niliyokwenda kwao Karungu kujitambulisha, nikiwa mwalimu kijana mwenye koti la kuazima, alitokea upande wa ziwani na beseni la samaki kichwani, akaniona, akageuka, akapita nyuma ya jikoni. Nilielewa kwamba nimekubaliwa. Mgeni wa kawaida angepewa mkono.

Kwetu Wajaluo mama wa mke huheshimiwa kwa umbali. Humshiki mkono. Hukai naye benchi moja. Huli mbele yake, wala yeye hali mbele yako. Mkikutana njiani mmoja anapisha na kutazama pembeni mpaka mwenzake apite. Vijana wengi wameyaacha mambo hayo, na padre wetu amesema zaidi ya mara moja kwamba Mkristo anaweza kumsalimu mkwe wake kwa mkono na asitende dhambi yoyote. Namwamini padre. Lakini mimi na mama yule tulikuwa tumekwisha kuzoeana kwa namna yetu. Wakati wa kutakiana amani kanisani kwao, yeye akiwa upande wa akina mama na mimi upande wa wanaume, tuliinamishiana vichwa kwa mbali, na mimi nilitoka pale nikijua nimesalimiwa vizuri kuliko wote.

Ndiyo maana baadhi ya marafiki zangu hucheka wakisikia kwamba uzeeni nilibadilisha kamera kwa ajili ya uso wake.

Picha nimepiga tangu nilipokuwa nafundisha. Nilianza na kamera ya filamu ya shule, na nilipostaafu na kubaki na kazi yangu ya ukatekista tu, nikanunua ya dijitali, ndogo, iliyotumika. Kwa kamera hiyo nilipiga ubatizo, komunyo ya kwanza, harusi na mazishi, kuanzia kwetu Ndhiwa hadi huko ziwani. Sikujiita fundi. Nilijiona kama mtu anayesaidia watu wasisahau neema waliyopata.

Kisha baba mkwe akafariki. Huku kwetu picha ya marehemu huwekwa kando ya jeneza, katika fremu, na kila anayekuja kuaga huitazama hiyo kwanza. Tulitafuta nyumba nzima, tukapata picha moja tu, ile ya kitambulisho. Mtu wa studio aliikuza mpaka ikajaza fremu, na yule mzee mcheshi, aliyekuwa akipita sokoni watu wanaanza kucheka kabla hajasema neno, akageuka kuwa vivuli viwili na mstari wa mdomo. Mama mkwe alipoletwa kuketi karibu na jeneza aliitazama kwa muda mrefu. Halafu akamwuliza mke wangu, kwa sauti ya chini kabisa, “Huyu mmemtoa wapi?”

Mke wangu hakulia siku ile kwa ajili ya kifo. Alililia swali hilo.

Baada ya miaka kadhaa moyo wa mama naye ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, akawa anapumzika mara mbili kati ya jikoni na nyumba kubwa, na daktari alitueleza kwa upole kwamba dawa zitamsaidia ila hazitamrudishia nguvu. Tuliporudi nyumbani kutoka hospitali mke wangu alivua viatu, akakaa kwenye ngazi ya mlango, akasema, “Mzee, mama yangu asije akawekwa kwenye fremu kama baba. Nataka uso wake. Na nautaka akiwa anacheka.”

Nilijua ni kicheko kipi anachosema, ingawa mimi nilikuwa nimekisikia zaidi ya kukiona. Mama ni wa kizazi kilichong'olewa meno sita ya chini ujanani, alama ya Mjaluo wa wakati ule. Akicheka kwa dhati kichwa kinarudi nyuma, pengo linaonekana, na macho yanajifumba kabisa. Lakini akiona mtu ameinua simu karibu naye, mkono unakwenda mdomoni na uso unafungwa kama duka.

Wajukuu walijaribu. Walimpiga picha wakiwa wameketi miguuni pake. Simu zao zina namna ya kulainisha ngozi bila kuulizwa, na picha zilizotoka zilimwonyesha mwanamke mweupe kiasi, asiye na kunyanzi hata moja, aliyefunika mdomo. Alizitazama kwa adabu. “Ni mzuri,” alisema. “Ni binti wa nani?”

Ikabaki kamera yangu. Nayo ilikuwa na mashaka yake. Ndani ya kanisa la Karungu, lenye kuta nene na madirisha madogo, padre haruhusu flashi wakati wa misa, na mimi naona ana haki. Bila flashi kamera yangu ndogo ilijaza picha chembechembe, kama mtu aliyemwaga mchanga juu ya nyuso. Na akina mama wetu siku za sherehe huvaa nguo nyeupe. Kamera ikiona weupe mwingi hivyo, inapunguza mwanga, na uso mweusi ulio juu ya ile nguo unapotea. Ukiongeza mwanga, uso unarudi na nguo inaungua ikawa karatasi. Nilikuwa na miaka ya picha za namna hiyo: nguo bila watu, au watu bila nguo.

Watoto wetu wanaofanya kazi Nairobi waliposikia habari hii walichanga. Sitasema zaidi kuhusu hilo ila kwamba jioni ile, katika ibada ya nyumbani, niliwataja mmoja mmoja.

Duka la kamera ninaloliamini liko Migori mjini. Mwenyewe ni Mwislamu aliyekuja kutoka pwani zamani, mwembamba, mwenye kofia ya kufumwa na Kiswahili kitamu ambacho sisi wa huku tunakisikiliza kama muziki. Nilimkuta akifuta lenzi kwa kitambaa laini.

“Karibu, mzee wangu. Leo umekuja kunitembelea au kunifilisi?”

“Nimekuja kubadilisha kamera.”

“Alhamdulillahi. Ile yako ilikuwa inastahili pensheni.”

Akanitolea kamera nyeusi, nzito, iliyokaa mkononi kama jiwe la mtoni. Aliifungua mbele akanionyesha kihisi, kile kipande kinachong'aa ndani ambacho hupokea mwanga. Kihisi cha kamera yangu ya zamani hakifiki nusu ya hicho. “Hii ndiyo fremu kamili,” akasema. “Ni ukubwa uleule wa filamu. Wewe si mgeni hapa, ulihama tu.”

Maneno hayo yalinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Ni kweli, miaka yote ya dijitali nilikuwa nachungulia kwenye dirisha lililokatwa, nami nikawa nimezoea. Nilipoweka jicho kwenye ile kamera mpya duka zima lilikuwa ndani yake: rafu, saa ya ukutani, mlango, boda boda zilizosimama nje. Nilimshukuru Mungu kimyakimya kwa watu wanaokaa mahali fulani duniani wakisugua vioo na kupanga vyuma vidogo hivyo ili mzee wa Ndhiwa aone.

“Sasa lenzi,” akasema. “Mwili wa kamera ni nyumba tu. Lenzi ndiyo macho. Unataka kupiga nini hasa?”

“Sura ya mtu mzima. Ndani ya jengo, bila flashi.”

“Mtu wa nyumbani?”

“Wa nyumbani.”

“Basi usihangaike.” Akaleta lenzi fupi nene, ya milimita themanini na tano, kioo chake cha mbele kipana kama mdomo wa kikombe. Alizima taa za duka, akaenda kusimama nyuma kabisa kwenye maboksi, palipokuwa na giza la stoo. “Njoo karibu. Njoo. Usiogope, sing'ati. Hapo. Piga.”

Nilipiga. Tukaitazama picha kwenye kioo cha nyuma. Kofia yake nyeupe ilionyesha kila tundu la sindano, na chini yake uso wake mweusi ulikuwa umekaa mzima, na ndevu zenye mvi, na unyevu kidogo kwenye kope. Maboksi ya nyuma yalikuwa yameyeyuka yakawa rangi tu. Hakuna kilichoungua, hakuna kilichozama.

“Mimi mzuri hivi?” akauliza. “Na mke wangu hajaniambia.”

Nikaichukua hiyo. Fedha zilitosha kamera na lenzi moja, na mimi nilikuwa na lenzi ndefu niliyoitumia na kamera ya zamani, ambayo niliamini itaendelea kunitumikia. Sikumwambia mtu yule kwamba nitakayempiga picha ni mama mkwe wangu. Kwetu mkwe hatajwitajwi madukani. Heshima hiyo ndiyo iliyoniponza, kwa sababu angejua, asingeniuzia lenzi ile.

Tulikwenda Karungu mimi na mke wangu alasiri moja tulivu. Mama alikuwa ameketi mlangoni mwa jikoni yake, miguu juu ya kigoda. Mimi nilipewa kiti mahali pangu pa siku zote, mbele ya nyumba ya shemeji yangu, ng'ambo ya uwanja. Katikati yetu palikuwa na wavu mkubwa wenye omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa, pamoja na kuku wawili waliokuwa wakifukuzwa na kurudi.

Kwanza nilifunga lenzi ndefu ya zamani kwenye kamera mpya. Nikachungulia. Mama alikuwa mbali katikati ya duara, na pembe zote za picha zilikuwa nyeusi, kama mtu anayetazama kupitia bomba. Lenzi ile ilitengenezwa kwa kihisi kidogo. Mwanga wake haukutosha kujaza kihisi kikubwa. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo hata mara moja. Nikaitoa, nikafunga ile ya themanini na tano iliyokuwa imefanya miujiza dukani. Sasa uwanja wote ulionekana vizuri ajabu, omena moja moja, kuku, ukuta wa jikoni, na mlangoni, ukubwa wa punje ya mtama, mama mkwe wangu.

Mke wangu alikuja akatazama kwenye kioo cha kamera. Akaangalia kamera. Akaniangalia mimi.

“Mzee,” akasema, “kamera imekuwa kubwa na mama amekuwa mdogo.”

“Lenzi hii inataka mtu awe karibu.”

“Sogea basi.”

“Nisogee niende wapi, nyar Karungu?” Ndivyo ninavyomwita, binti wa Karungu, hasa nikiwa nimekwama.

Alinielewa. Alikwenda kwa mama yake, nao wakaongea. Sikusikia alichosema yeye, lakini jibu la mama nililisikia, kwa sababu lilitolewa kwa sauti ya kunifikia. Ndivyo tulivyozungumza miaka yote, mimi na yeye: kila mmoja akimwambia mtu wa tatu, na mwenzake akisikia.

“Mwambie mwalimu,” alisema, “kwamba nimemheshimu mpaka hapa nilipofika. Siwezi kumalizia safari kwa kumzoea.”

“Mwambie mama,” nikajibu, “kwamba nimesikia, na ninashukuru.”

Na nilishukuru kweli. Lakini njiani wakati wa kurudi mke wangu aliniambia kwamba mama amepungua tena, kwamba alipomshika mkono aliiona pete inazunguka yenyewe kidoleni. Jumapili ya shukrani ya akina mama kanisani kwao ilikuwa inakaribia. Mama, kwa kuwa ndiye mkongwe kuliko wote katika chama chao cha akina mama, angeitwa mbele ya altare kupokea mshumaa. “Baada ya hiyo,” mke wangu alisema, “sijui kama atafika kanisani tena.”

Niliomba juu ya jambo hilo. Watu wengine wataona ni ajabu kumpelekea Mungu habari za lenzi. Mimi sijaona mahali palipoandikwa kwamba vitu hivyo ni vidogo mno kwake. Asubuhi iliyofuata nilirudi Migori.

Mwenye duka alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Safari hii nilimweleza yote: mama ni nani, umbali ni upi, na kwa nini umbali hauwezi kupunguzwa. Nilipomaliza akavua kofia, akajikuna, akaivaa tena.

“Mzee wangu. Kwetu mama mkwe ndiye anayenipakulia wali. Nikichelewa ananitukana.”

“Ni mama mzuri.”

“Ni mzuri sana, lakini ana maneno.” Akacheka, kisha akawa mtu wa kazi. “Kumbe shida yako si sura. Ni uwanja. Ungeniambia tangu juzi kwamba kuna uwanja katikati.”

Akaingia nyuma akatoka na lenzi ndefu, ya milimita sabini hadi mia mbili, iliyotumika, rangi imebabuka kwenye shingo na pete zake zimelainika kwa mikono ya watu wengine. Ilikuwa nene kama mchi wa kinu. Alinieleza kwa subira, na nilipenda alivyonieleza: kwamba tundu lake la kuingizia mwanga linabaki wazi kwa upana uleule hata ukivuta mpaka mwisho, hivyo kanisa lenye giza halitanishinda, na kwamba ndani ya lenzi kuna vioo vinavyoelea, vinavyosogea kinyume na mtikisiko wa mkono. Nilinyoosha mkono wangu tukautazama sote, ukitetemeka kama unavyotetemeka siku hizi.

“Wameufikiria,” akasema. “Huo huo.”

Adhuhuri iliadhiniwa tukiwa katikati ya maelezo. Aliniachia lenzi mikononi, na duka likiwa wazi, akaenda kuswali. Nilibaki peke yangu kati ya mali yake yote, nikachungulia ng'ambo ya barabara. Nilimwona mama muuza ndizi aliyekuwa mbali kiasi cha kutoweza kumtambua kwa macho. Nilivuta. Akaja. Niliona uzi uliolegea kwenye kola yake. Mwenye duka aliporudi tulibadilishana, ile fupi akairudisha rafuni bila kununa, tukaelewana juu ya nyongeza, akanifungia mzigo kwa mikono yake mwenyewe. “Ukimpata,” alisema, “nami nimwone. Kwa mbali, kama adabu yenu inavyotaka.”

Nilifanya mazoezi nyumbani Ndhiwa. Nilipiga picha za kuku, za ndege aina ya hondohondo juu ya mti, na za mke wangu akipepeta maharagwe mpaka akanitishia kwa ungo. Lenzi ilikuwa nzito na kiwiko kiliuma. Nilijifunza kuegemea nguzo, kubana viwiko kifuani, kutoa pumzi polepole na kubonyeza mwishoni mwa pumzi. Ni jambo la kunyenyekeza, mtu wa umri wangu kujifunza kupumua upya.

Jumapili ikafika. Kanisa lilijaa mpaka nje. Nilisimama upande wa wanaume karibu na mlango wa pembeni, bega ukutani, na mbele yangu palikuwa na uwazi wote wa kanisa, kisha akina mama, safu baada ya safu ya nguo nyeupe na vitambaa vya bluu. Katika kamera ya zamani pale ningeona theluji. Sasa niliona nyuso, kila moja na weusi wake.

Mama aliitwa. Alishikwa mikono huku na huku, akapanda ngazi moja ya altare, akageuzwa kututazama. Niliinua kamera. Kwa mara ya kwanza maishani uso wake ukaja mbele ya jicho langu, mkubwa, wazi, na mimi nikiwa mbali kama kawaida. Nakiri nilisahau kubonyeza. Nilikuwa nimemfahamu mama huyu tangu ujana wangu na sikujua kwamba ana alama ndogo nyeusi chini ya jicho la kulia. Mke wangu anayo hiyohiyo, mahali palepale.

Lakini uso ulikuwa umefungwa. Alikuwa akitazama mbele kwa taadhima ya shughuli, midomo imebanwa. Nilipiga picha hizo, nikajua ndizo zitakazowekwa kwenye fremu nisipopata nyingine, na kwamba mke wangu atasema asante na ataingia chumbani.

Mwenye kumpa mshumaa alikuwa mama mwingine mkongwe, rika lake, ambaye yeye na mama waliolewa kijiji kimoja mwaka mmoja. Huyo alimkabidhi mshumaa kwa mikono miwili, kisha akamwinamia sikioni akasema kitu. Mama mkwe wangu aligeuza macho moja kwa moja hadi pale nilipokuwa, akaona lile pipa jeusi la lenzi limemwelekea, na kichwa kikarudi nyuma. Mikono yote miwili ilikuwa na mshumaa. Hakukuwa na mkono wa kufunika mdomo. Nilitoa pumzi, nikabonyeza.

Baada ya misa tulikwenda nyumbani kwake. Yeye mlangoni mwa jikoni, mimi mbele ya nyumba ya shemeji. Nilimwonyesha mke wangu kwanza. Alivua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaivaa, akatazama tena. Ile picha nisingependa kuisifu mno, maana si mimi niliyeumba kilichomo. Ila kitambaa cha bluu kilikuwa na mikunjo yake yote, nguo nyeupe ilikuwa nyeupe bila kuungua, mwali wa mshumaa ulionekana hadi ncha, na kati yake mama anacheka, macho hayapo, pengo lote liko wazi, kila kunyanzi ikishika mwanga kidogo wa dirisha. Nyuma yake kanisa lilikuwa limelainika kama moshi.

“Ni yeye,” mke wangu alisema. Alishika kamera kwa mikono miwili na hakutaka kunirudishia.

“Mwambie mwalimu alete hapa nione,” ilisikika sauti ng'ambo ya uwanja. “Au ameona aibu?”

Mke wangu akavuka nayo. Nilimwona mama akisogeza kioo karibu, kisha mbali, kisha karibu. Nilingoja kusikia ni binti wa nani.

“Hee,” alisema. “Nimezeeka vizuri.” Akaitazama tena. “Na meno yangu yamepigwa yote, hata yasiyokuwepo.”

“Mwulize mama,” nikasema, “yule mwenzake alimwambia nini pale mbele.”

“Mwambie: alisema, simama wima, mkwe wako amekuelekezea bomba la maji.”

Tulicheka wote watatu, kila mmoja mahali pake. Alipopata pumzi, na ilichukua muda siku hizo, alimwuliza mke wangu jinsi kitu hicho kinavyofanya kazi. Je, kinamvuta yeye tu kuja kwangu, au kinaweza pia kunivuta mimi kwenda kwake? Mke wangu akamweleza kwamba kinavuta popote kinapoelekezwa.

“Basi kielekeze kwake.”

Mke wangu alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Alileta kiti, akaegemeza ile lenzi nzito juu ya mgongo wa kiti, akaizungusha pete ya lenzi mpaka mwisho, akamwinamisha mama taratibu mpaka jicho likakaa mahali pake. Mimi, kwa mazoea, nilikuwa nimegeuza uso pembeni, kuelekea ziwani.

“Mwambie ageuke.”

Niligeuka. Nikatazama kile kioo cha mbele, cheusi na kipana, ng'ambo ya omena na kuku. Sikuona jicho lake, ila nilijua liko pale.

“Ana kovu juu ya nyusi,” mama alisema.

“Alianguka na baiskeli kabla hatujaoana,” mke wangu akamjibu.

“Na hukuniambia.”

“Hukuniuliza, mama.”

“Ndevu zimeota mvi zote. Na macho yake ni ya mtu mpole. Baba yako aliniambia ni mpole, lakini wanaume husemeana vizuri.” Akapapasa juu ya kamera. “Hiki cha kubonyeza kiko wapi?”

Mke wangu aliuchukua mkono wake, akakiongoza kidole. Nikavuta koti likae sawa, nikasimama wima, nikabaki namtazama.